Nchi Ikijitoa, Mpaka Huuliza Nini?

Vitunguu vinavyopangwa kwa mafungu kwenye vibanda vya Lindi, Kibera, na vile vinavyomwagwa juu ya magunia katika soko la Kawangware, mara nyingi vimelimwa Tanzania. Hutoka maeneo kama Mang'ola, wilaya ya Karatu, vikapita Arusha na Namanga hadi Nairobi. Mama mboga anayevinunua hutazama bei na ubora, basi. Hana sababu ya kufikiria kwamba bei hiyo imeshikiliwa na mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo tangu Machi 2024 ina nchi nane.

Kila mara wanasiasa wanapotupiana maneno, hutokea mtu akauliza: kwani kuna ubaya gani tukijitoa? Jibu halipatikani kwa kutazama ramani. Nchi ikitoka katika umoja, mstari wa mpaka hausogei hata hatua moja. Kinachobadilika ni maswali ambayo ofisa wa forodha anapaswa kumuuliza dereva wa lori. Kazi kubwa ya umoja wa kiuchumi ni kuyapunguza maswali hayo. Kujitoa ni kuyarudisha yote kwa pamoja.

Maswali matatu

Swali la kwanza ni la ushuru. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza kazi tarehe 1 Januari 2005. Bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya huvuka bila ushuru wa forodha, na ile inayotoka nje hutozwa kiwango kimoja popote inapoingilia, iwe Mombasa au Dar es Salaam. Malighafi kwa kawaida hulipa sifuri, bidhaa iliyotengenezwa nusu asilimia 10, iliyokamilika asilimia 25. Na tangu Julai 2022 baadhi ya bidhaa zimewekwa katika daraja la asilimia 35. Nchi ikijitoa, bidhaa zake huhamia foleni ya wageni. Chukua gunia la shilingi 4,000 katika daraja la asilimia 25: limeongezewa shilingi 1,000 kabla dereva hajakanyaga mafuta. Na Kenya haiwezi kumsamehe jirani kwa sababu tu ni jirani. Sheria za Shirika la Biashara Duniani zinadai kwamba nafuu anayopewa mmoja wapewe wote, isipokuwa kama kuna mkataba wa kibiashara unaoruhusu tofauti.

Swali la pili ni la uasili: bidhaa hii ni ya wapi hasa? Sabuni iliyotengenezwa Nairobi kwa mafuta ya mawese kutoka Malaysia, ni ya Kenya au ni ya Malaysia iliyopitia Kenya? Ndani ya Jumuiya kuna kanuni za kulijibu swali hilo, na mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 anaweza kupata cheti rahisi cha uasili palepale mpakani. Ukitoka, kanuni hizo si zako tena. Waingereza walilionja jambo hili mwaka 2021. Mkataba wao mpya na Umoja wa Ulaya uliondoa ushuru, lakini ni kwa bidhaa zinazothibitishwa kuwa za kwao tu. Kampuni zilizokuwa zikipakia na kuondoka zikajikuta zikiajiri watu wa kujaza fomu.

Swali la tatu ni la usalama na viwango: nani ameipima? Hapa ndipo mizigo hukaa siku nyingi zaidi, kwa maana ushuru hulipwa mara moja, ilhali sampuli hupelekwa maabara na mwenye mzigo akasubiri. Nchi zilizo pamoja zinaweza kukubaliana kwamba alama ya ubora ya shirika la viwango la mmoja itambuliwe na mwenzake. Kutambuana huko ni makubaliano, na makubaliano yakivunjwa nyanya zinaoza zikiwa zimeegeshwa.

Somo la 1977

Afrika Mashariki haihitaji kuazima mfano Ulaya. Jumuiya ya kwanza iliundwa na Kenya, Uganda na Tanzania kwa mkataba uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967. Makao makuu yalikuwa Arusha, lakini mashirika yaligawanywa: reli na ndege ziliendeshwa kutoka Nairobi, bandari kutoka Dar es Salaam, posta na simu kutoka Kampala. Reli inayokatiza Kibera, ile iliyofika Kisumu mwaka 1901, ilikuwa chini ya shirika la nchi tatu.

Mwaka 1971 Idi Amin alimpindua Rais Milton Obote wa Uganda, na Mwalimu Nyerere wa Tanzania akakataa kuketi na Amin. Marais watatu ndio waliokuwa mamlaka ya juu ya Jumuiya; wasipokutana, hakuna kinachoamuliwa. Manung'uniko ya fedha yalikuwapo kabla ya hapo. Tanzania na Uganda ziliona viwanda na faida vikirundikana Kenya, na mashirika yakawa hayapeleki makao makuu fedha zilizokusanywa katika kila nchi. Mapema mwaka 1977 shirika la ndege la pamoja, East African Airways, lilisimama, Kenya ikaunda Kenya Airways, na Februari mwaka huohuo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Kufika katikati ya mwaka bajeti ya pamoja ilikuwa haijapitishwa, na hapo Jumuiya ikafa. Haikufa kwa barua ya kujitoa. Ilikufa kwa kukosa fedha na kukosa kikao.

Kwa kuwa hapakuwa na utaratibu wa kuachana, kila upande ulishika kilichokuwa karibu. Magari ya watalii na ndege ndogo kutoka Kenya vilizuiliwa Tanzania. Malori ya Kenya yaliyozoea kupita huko kwenda Zambia yalipoteza njia, na viwanda vya Nairobi vikapoteza soko. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, baada ya zaidi ya miaka sita. Hata hivyo, si kila mlango ulirudi ulivyokuwa. Watalii waliokuwa wakitoka Maasai Mara kuingia Serengeti kupitia Bologonja hawakurudishiwa njia hiyo. Hadi leo huzunguka.

Mali za pamoja nazo zilikuwa na kesi yake. Mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht, alipewa kazi ya upatanishi mwaka 1978. Alihesabu mabehewa, ndege, majengo na madeni, na makubaliano yakatiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984, karibu miaka saba baada ya kifo chenyewe. Uganda ilikuwa imebaki na mali pungufu ya fungu lake, hivyo Kenya na Tanzania zikatakiwa kuifidia. Malipo ya wastaafu yaliachiwa kila serikali kwa raia wake, na nchini Tanzania wazee wa Jumuiya walikuwa bado mahakamani miaka ya 2000 wakidai haki zao. Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki ilinusurika, na siri yake ni ya kisheria: mwaka 1980 ilipewa mkataba wake yenyewe, usioitegemea Jumuiya iliyokufa.

Mikataba iliyosainiwa kwa jina la wote

Kuna hasara nyingine isiyoonekana mpakani. Umoja wa forodha hujadiliana na dunia kwa sauti moja, kwa hiyo anayetoka huacha nyuma mikataba iliyosainiwa kwa jina la wote. Na maumivu yanaweza kumfika mtu wa tatu ambaye hakupiga kura.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Kenya Waingereza walipoamua, Juni 2016, kutoka Umoja wa Ulaya. Maua ya Naivasha, chai ya Kericho na mboga zetu ziliingia Uingereza kwa masharti ya Ulaya. Masharti hayo yalikuwa yanakwisha kwa Uingereza tarehe 31 Desemba 2020. Uganda, Tanzania na Rwanda hazikuwa na hofu kubwa, kwa kuwa zimo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi na huuza bila ushuru hata bila mkataba. Kenya haimo katika kundi hilo. Tena ilikuwa na kovu: mwaka 2014, mazungumzo ya mkataba wa biashara kati ya Jumuiya na Ulaya yalipochelewa, bidhaa zake zilitozwa ushuru kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 25 Desemba.

Kwa hiyo Kenya ilitia saini mkataba wake na Uingereza tarehe 8 Desemba 2020, siku 23 kabla ya mlango kufungwa, nao ukaanza kutumika Machi 2021. Ila kufanya hivyo peke yake kuliibua swali nyumbani: mwanachama wa umoja wa forodha anaweza vipi kumfungulia mgeni mlango ambao wenzake hawajaufungua? Februari 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya waliruhusu, kuhusu mkataba na Ulaya, walio tayari kutangulia. Mkataba wa Kenya na Umoja wa Ulaya ukasainiwa Desemba 2023 na kuanza kazi tarehe 1 Julai 2024.

Kuna pia kujitoa kusiko na kishindo. Tanzania iliondoka COMESA, Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika ambalo Kenya imo, mwaka 2000, na wananchi wengi hawakuhisi kitu, kwa sababu ilibaki SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, na Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki ilikuwa ndiyo inaanza. Lakini matokeo yake yapo: leo Tanzania ikitoka na Jumuiya pia, haitakuwa na COMESA ya kukutana na Kenya. Utabaki mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Afrika, ambao nchi zote mbili zimeuridhia. Ni kimbilio la kweli, ila orodha ya nafuu za ushuru humo iliwasilishwa na Jumuiya kwa pamoja. Anayetoka angehitaji kuandaa yake.

Mlango wa kutokea sasa umeandikwa

Waliouandika mkataba wa sasa, uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, walikuwa wameyaona ya 1977. Kifungu cha 145 kinataka uamuzi wa kujitoa uungwe mkono na angalau thuluthi mbili ya wabunge wote, kisha notisi ya maandishi ya miezi 12, ambayo nchi inaweza kuifuta kabla muda haujaisha. Wajibu wote unaendelea katika kipindi hicho. Kifungu cha 149 kinaongeza kwamba aliyetoka hana dai juu ya mali za Jumuiya. Hakutakuwa tena na kunyang'anyana ndege.

Basi kujitoa rasmi kumekuwa kugumu, na hilo ni jema. Hatari imehamia kwingine: kujitoa kwa vipande. Februari 2019 Rwanda ilifunga mpaka wa Gatuna na Uganda, ukakaa hivyo hadi Januari 2022, na nchi zote mbili zikiwa wanachama. Oktoba 2017 Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kupitia Namanga kutoka Kenya. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti. Sumukuvu ni hatari ya kweli, na nchi ina haki ya kulinda walaji wake. Lakini marufuku inapotangazwa ghafla, lori lililo njiani linakutana na maswali yaleyale matatu kana kwamba mkataba haupo. Hakuna bunge lililopiga kura, na miezi 12 ya kujiandaa haikuwapo.

Mfanyabiashara mdogo ana silaha mbili asizozitumia sana. Ya kwanza ni kile cheti rahisi cha uasili: wengi hupita njia za panya kukwepa ushuru ambao kisheria hawadaiwi, na wakikamatwa hawana pa kujitetea. Ya pili ni Kifungu cha 30, kinachomruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kuishtaki serikali katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, kwa hatua inayovunja mkataba. Muda wa kufungua shauri ni miezi miwili tu. Mwenye kibanda mmoja hatamudu gharama hizo, lakini chama cha wafanyabiashara wa soko zima kinaweza, mradi kiwe na stakabadhi, tarehe na jina la kituo mzigo ulikozuiliwa.