Wasifu wa LinkedIn: mwandikie anayekufahamu juujuu

Kabla ya simu za intaneti kuenea, kutafuta kazi Nairobi kulitaka miguu imara. Mtu alishuka Kencom asubuhi na bahasha za kaki mkononi, akapanda ngazi za majengo ya Moi Avenue na Kenyatta Avenue, akakata hadi Upper Hill, na jioni akarudi Kawangware bila kujua kama kuna bahasha hata moja iliyofunguliwa. Ndiyo sababu Wakenya huita shughuli hiyo kusaga lami. Leo afisa wa kuajiri aliyeketi Westlands au Kilimani huweza kukutafuta kabla hujabisha hodi. Huandika LinkedIn jina la kazi, mji na ujuzi anaouhitaji, kisha husoma majina yanayojitokeza.

Waliolelewa na methali kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza huona haya kujieleza hapo. Jina na picha huwatosha. Wengine wamemeza haya zote, wakajiita viongozi wenye maono na wabunifu wa kimataifa. Makundi yote mawili yamekosea kumkadiria msomaji. Yeye si rafiki yako wa kufa kuzikana, wala si mgeni kabisa. Mara nyingi ni mtu anayekufahamu juujuu: msimamizi wako wa mafunzo ya kazini, mwanafunzi mliyeketi naye darasa moja chuoni, mteja wa zamani.

Mwaka 1973 mwanasosholojia Mmarekani Mark Granovetter alichapisha makala kuhusu nguvu ya mahusiano dhaifu. Aliwahoji wataalamu na mameneja wa kiunga kimoja cha Boston waliokuwa wamebadilisha kazi. Miongoni mwa waliopata kazi kupitia mtu, ni asilimia 17 hivi tu waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Zaidi ya nusu walionana naye mara mojamoja, na waliobaki walimwona kwa nadra. Mwaka 2022 jarida la Science lilitoa matokeo ya majaribio yaliyogusa watumiaji milioni 20 wa LinkedIn kwa miaka 5. Mahusiano yaliyosaidia zaidi watu kuhama kazi hayakuwa ya karibu sana wala ya mbali sana, bali ya wastani.

Sababu yake si ngumu. Wenzako wa chama, wa kanisa au msikiti, na wa kundi la WhatsApp la ukoo wanasikia habari zilezile unazozisikia wewe. Mtu mliyefanya naye mradi mmoja miaka iliyopita yuko kwenye ofisi nyingine, na nafasi zinazotoka huko huwa hujazisikia. Lakini huyo hatalitaja jina lako mbele ya mkuu wake ikiwa hakumbuki vizuri unachofanya, kwa kuwa akikusifu ukavurunda, aibu ni yake. Kazi ya wasifu ni kumwondolea hofu hiyo. Kwa hiyo kila mstari uupime kwa maswali mawili: je, mtu huyu anaweza kuurudia kwa mwenzake? Na je, mwenzake anaweza kuuthibitisha?

Anza na mstari ulio chini ya jina lako. LinkedIn inakupa herufi 220, na huo ndio mstari unaoonekana kila jina lako linapojitokeza. “Kijana mchapakazi anayetafuta nafasi” haumwambii mtu chochote, na hakuna mwajiri anayetafuta kwa maneno hayo. “Mhasibu, CPA(K), hesabu za SACCO na maandalizi ya ukaguzi, Nairobi” unataja kazi, sifa, uwanja na mahali. Tumia jina la kazi linalotumika kwenye matangazo ya ajira, hata kama ofisini kwenu mna jina jingine la fahari. Ikiwa matangazo ya fani yako huandikwa kwa Kiingereza, andika wasifu kwa Kiingereza, lakini usiache kutaja Kiswahili na kiwango chako. Katika jiji lenye redio, mashirika ya misaada na ofisi za Umoja wa Mataifa kule Gigiri, huo nao ni ujuzi.

Kwenye sehemu ya kazi ulizofanya, usinakili majukumu yaliyo kwenye barua ya ajira. Sema ulikuta nini, ukafanya nini, kikabadilika nini. “Nilishughulikia mikopo” ni maneno matupu. “Nililinganisha madaftari ya mikopo ya wanachama 400 kila mwezi” mtu anayashika. Fundi wa umeme naye asijitenge. Cheti cha NITA, aina ya majengo aliyotia nyaya na picha za kazi alizopiga kwa idhini ya mwenye jengo vinatosha kumweleza.

Uthibitisho una uzito wa pekee Kenya. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi ulikuwa umegundua vyeti ghushi zaidi ya 2,000 miongoni mwa watumishi wa umma. Baada ya hapo mwajiri ana haki ya kushuku. Mhasibu ataje uanachama wake wa ICPAK, mhandisi usajili wake katika Bodi ya Wahandisi, kwa kuwa orodha hizo zinaweza kuangaliwa. Unapomwomba aliyekuwa msimamizi wako akuandikie pendekezo, mkumbushe kazi mahususi mliyoifanya pamoja. Ukimwachia ukurasa mtupu, ataandika tu kwamba una bidii na heshima.

Uwazi huo una mipaka. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini haitakurudishia ulichokianika mwenyewe. Usipandishe picha ya kitambulisho, PIN ya KRA wala cheti chenye namba zake. Anayekutumia ujumbe wa kazi nono kisha akadai ada ya usaili kwa M-Pesa ni tapeli. Na ukitaka kuonyesha kwamba unatafuta kazi ilhali bado umeajiriwa, chagua alama hiyo ionekane na waajiri tu badala ya kuvaa duara la kijani kwenye picha. Hata hivyo, LinkedIn haikuhakikishii kwamba ofisi yako haitajua.

Ukimaliza, usimpe wasifu huo mwenzi wako wala ndugu yako aukague, maana hao wanakujua hata usipoandika neno. Mtumie mtu mliyeachana naye kazini miaka michache iliyopita. Asome kwa dakika moja, kisha aeleze bila kuangalia ni kazi gani angekupendekeza. Akijibu kwamba unaweza kufanya kazi yoyote, hujamwambia kitu. Rudi uandike upya, ukianza na ule mstari ulio chini ya jina.