Istilahi za Harufu: Kipokezi na Jeni Iliyopandikizwa

Wafasiri wa maandishi ya biolojia hukutana siku hizi na jina refu la protini za kupokea harufu za binadamu zinazotengenezwa maabara. Jina hilo huonekana katika lebo za vichupa, katika maombi ya vibali na katika ripoti za utafiti. Likifasiriwa neno kwa neno, ofisa anayelisoma aweza kudhani kwamba protini hizo zimetolewa katika pua za watu, au kwamba ni dawa ya kumrudishia mgonjwa uwezo wa kunusa. Yote mawili si kweli. Kwa hiyo yafaa tukifahamu kitu chenyewe kwanza, ndipo tukitafutie neno.

Juu ndani ya pua mna utando wenye seli za neva. Katika kuta za seli hizo zimo protini zinazonasa molekuli zenye harufu zilizoingia pamoja na hewa. Kisha seli hupeleka habari kwenye ubongo. Linda Buck na Richard Axel wa Marekani walitangaza ugunduzi wa jeni za protini hizo mwaka 1991, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu anazo aina zipatazo 400 zinazofanya kazi.

Je, tuziite protini za kunusa? Mnunuzi wa dagaa wakavu katika soko la Mlandege, mjini Iringa, huinamia fungu akanusa. Mpita njia asiye na haja ya dagaa husikia harufu ile ile bila kukusudia. Kunusa, basi, ni tendo la mtu la kuvuta hewa. Kusikia harufu ni hisi inayokamilika katika ubongo. Protini hainusi wala haisikii, hupokea tu. Ndiyo maana tunapendekeza *kipokezi cha harufu*. Neno harufu lafaa kwa kuwa halielemei upande wowote: uvundo ni harufu, na manukato ni harufu.

Ugumu mkubwa umo katika neno linaloeleza namna protini hiyo inavyopatikana. Wataalamu huchukua nakala ya jeni ya binadamu, huiunganisha na kipande kingine cha DNA, kisha huiingiza katika seli zinazokuzwa maabara. Seli hizo huisoma jeni hiyo na kuunda protini. Insulini ya binadamu ilipatikana kwa njia hiyo katika bakteria mwaka 1978, na tangu mwaka 1982 imekuwa dawa ya wagonjwa wa kisukari.

Wako wanaopenda kusema *protini bandia*. Neno hilo lapotosha, maana bandia humfanya msomaji afikirie kitu kisicho halisi, hali protini hii ni halisi. *Protini mchanganyiko* nayo haifai, kwa kuwa kilichounganishwa ni DNA, wala si protini mbili zilizokorogwa pamoja. *Protini pandikizi* ni fupi, lakini msomaji aliyezoea kusikia “pandikizi la mtu” atadhani ni protini kubwa mno. Tena kilichopandikizwa si protini bali jeni.

Twaona afadhali kusema *protini ya jeni iliyopandikizwa*. Mkulima wa nyanya wa Iringa ajua kupandikiza: mche huota kitaluni, ukahamishiwa shambani ukazaa huko. Mwalimu aweza kuutumia mfano huo, ila awakumbushe wanafunzi kwamba mche huondoka kitaluni, lakini jeni hunakiliwa tu, na ya asili hubaki mahali pake.

Maneno *ya binadamu* nayo yasiachwe. Mbu pia wana vipokezi vya harufu, vya ukoo mwingine kabisa. Hapa nchini, watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara walieleza mwaka 2010 mchanganyiko wa kemikali uliovuta mbu wa malaria kuliko mtu alivyowavuta, pale ambapo mtu na mchanganyiko vilikuwa katika vibanda mbalimbali. Katika utafiti wa namna hiyo, kutotaja kipokezi ni cha nani ni kumpoteza msomaji. Lakini *ya binadamu* hapa huonyesha asili ya jeni. Haina maana kwamba mtu fulani ametolewa kitu puani.

Vipokezi hivi ni vigumu kuviunda, kwani mara nyingi hukwama ndani ya seli badala ya kufika ukutani. Umbo kamili la kipokezi kimoja cha binadamu, kikiwa kimenasa molekuli yake, lilitangazwa mwaka 2023 tu. Kwa hiyo hutumiwa kuchunguza ni molekuli ipi inayonaswa na kipokezi kipi.

Basi lebo na isomeke hivi: *Kipokezi cha harufu cha binadamu, protini ya jeni iliyopandikizwa, kwa utafiti wa maabara tu, si dawa*. Ni maneno mengi kuliko ya asili, lakini mtoa kibali atajua analoliidhinisha.