Samaki aliyedumaa bakulini: anza na maji, chakula baadaye

Jirani yangu alikuwa na samaki wa dhahabu kwenye bakuli la kioo, juu ya friji. Alimnunua akiwa na urefu wa kidole gumba. Miaka mitatu baadaye alikuwa bado kidole gumba, isipokuwa macho, ambayo yalikuwa yameendelea kukua hata yakaonekana ya kuazima. Jumamosi moja jirani akamhurumia. Akachota nusu ya maji, yaliyokuwa yamegeuka rangi ya chai, akajazia ya bomba, kisha akamwagia chakula cha kushiba kama mtu anayeomba radhi. Kufika alasiri samaki alikuwa anaelea ubavu.

"Kwenye maji machafu amekaa miaka mitatu, maji safi yamemuua siku moja," akaniambia. Alidhani ni mkosi. Ilikuwa kemia, na anayetaka kumwokoa samaki aliyedumaa inambidi aielewe kabla hajafikiria chakula wala dawa.

Kwanza tuondoe uongo mmoja. Dukani utaambiwa kwamba samaki hukua kwa kadiri ya chombo chake, kana kwamba ana futi kamba ya kupimia kioo. Maneno hayo yanauza mabakuli. Samaki wengi huendelea kukua maisha yao yote, ingawa kasi hupungua kadiri umri unavyosogea. Samaki wa dhahabu wa kawaida, yule mwenye mwili mrefu na mkia mmoja, akitunzwa vizuri hufika sentimita 25 hadi 30 na huishi miaka 10 hadi 20. Anayebaki kidole gumba amedumaa, kwa maana ileile tunayoisikia kliniki ya watoto: umri unakwenda, mwili umesimama. Kichwa kikubwa, tumbo lililobonyea na mgongo uliopinda ni dalili zake.

Taka kubwa ya mwili wa samaki ni amonia, na huitoa kwa njia ya matamvua, kule anakopumulia. Mtoni husombwa na maji. Bakulini hubaki naye. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo ni nafuu zaidi. Bakuli la lita tano lisilo na filta halina mahali pa kuwaweka bakteria wa kutosha. Amonia inaunguza matamvua, nitriti inaidhoofisha damu hata ishindwe kubeba oksijeni vizuri. Samaki hafi, lakini siku nenda siku rudi mwili wake unamwaga kotisoli, homoni ya msongo, na kotisoli ikizidi homoni ya ukuaji haipati nafasi ya kufanya kazi yake. Chakula anachokula kinaishia kumweka hai tu.

Sasa turudi juu ya friji. Bakteria wachache waliokuwamo, katika kazi yao, hutoa asidi. Maji yasiyobadilishwa kwa miezi pH yake hushuka, na pH ikishuka sehemu kubwa ya amonia hugeuka amoniamu, ambayo sumu yake ni ndogo. Taka ilikuwapo, tena nyingi, lakini ilikuwa imelala. Maji ya bomba yakaja na pH ya juu. Ikipanda kutoka 7 hadi 8, ile sehemu yenye sumu kali huongezeka kama mara kumi, na hilo huchukua dakika, si siku. Hapo sijataja klorini ya bomba, ambayo peke yake inatosha kuunguza matamvua. Kwa hiyo samaki wa jirani aliuawa na taka zake mwenyewe, zilizoamshwa na maji mageni.

Ndiyo maana tiba ni ya polepole. Usimhamishe siku ya kwanza, na usimkoshee bakuli. Toa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya maji kila siku, kwa wiki moja au mbili, ukirudishia maji yaliyolala usiku kucha kwenye ndoo iliyo wazi ili klorini ipungue. Kama maji ya mji wenu hutiwa kloramini, kulaza hakusaidii. Tumia matone ya kuondoa klorini yanayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Wakati huohuo andaa tangi la kweli: lita 80 kwa samaki mmoja, yaani ndoo nne kubwa, pamoja na filta. Bakteria huchukua wiki nne hadi sita kujijenga ndani ya tangi jipya. Ukimjua mtu mwenye tangi la zamani, omba kipande cha sifongo chafu cha filta yake ukiweke kwenye yako. Ni zawadi ya ajabu kuomba, lakini itakupunguzia wiki kadhaa za kusubiri. Akishahamia, badilisha robo ya maji kila wiki. Ukiwa na vipimo vya matone, amonia na nitriti zisomeke sifuri, nitreti isizidi miligramu 40 kwa lita.

Kwenye chakula ndipo huruma inapoua tena. Samaki wa dhahabu hana tumbo la kuhifadhia chakula kama letu. Kinapita moja kwa moja kwenye utumbo. Mpe kidogo mara mbili au tatu kwa siku, kiasi anachomaliza ndani ya dakika mbili. Njegere iliyochemshwa na kumenywa ganda inamfaa. Viluwiluwi vya mbu vinamfaa zaidi, mradi visitoke kwenye maji yaliyopuliziwa dawa. Kile kikopo cha chakula kilichofunguliwa mwaka juzi kitupe: vitamini C huharibika kwa kukaa, na upungufu wake ni mojawapo ya mambo yanayopinda mgongo wa samaki.

Je, atakua? Mara nyingi ndiyo, kwa kiasi. Samaki aliyenyimwa chakula kisha akalishwa vizuri hula kwa pupa na kwa muda hukua haraka kuliko wenzake. Wafugaji wa jimbo la Andhra Pradesh, India, wanaijua siri hiyo kiasi cha kuifanya biashara: huwaweka vifaranga wa samaki kwa msongamano na chakula kidogo kwa miezi mingi, kisha wakiwatia kwenye mabwawa makubwa hukua kwa kasi. Lakini hao walibanwa kwa chakula na nafasi, kwa muda uliopimwa. Aliyekaa miaka ndani ya amonia ana madeni mengine. Mgongo uliopinda haunyooki. Kilichopotea utotoni hakirudi chote, na hapo pia anafanana na mtoto aliyekosa lishe katika siku 1,000 za kwanza.

Bandika rula nje ya kioo, mpige picha mara moja kwa mwezi. Ukimtazama kila siku hutaona kitu. Kama baada ya miezi mitatu ya maji mazuri anakula vizuri na bado anakonda, shuku minyoo au kifua kikuu cha samaki, na muone daktari wa mifugo kabla ya kumwaga kapsuli za antibiotiki ndani ya tangi, maana zinaweza kuwaua hata wale bakteria uliowangoja. Bakteria wa kifua kikuu hicho huweza kuingia kwenye kidonda cha mkono wa binadamu, hivyo mwenye mchubuko avae glavu.

Na ukichoka kumtunza, mpe mwenye tangi kubwa au bwawa la nyumbani. Usimmwage mtoni wala ziwani. Mwaka 2021 mji wa Burnsville, jimbo la Minnesota, Marekani, uliwaomba wakazi wake waache kutupa samaki wa dhahabu kwenye mabwawa na maziwa, baada ya kuwavua ndani ya ziwa wakiwa na urefu wa zaidi ya sentimita 30. Walikuwa samaki walewale wanaouzwa wakiwa kidole gumba.