Ufafanuzi Kuhusu Utabiri wa Bei ya Fedha za Kigeni

Watumishi wa Serikali na wakazi wa Msasani wanakumbushwa kwamba soko la fedha za kigeni baina ya mabenki lilianza nchini mwaka 1994, na tangu hapo thamani ya shilingi hufuata soko. Wapo wanaoahidi kutabiri mabadiliko yake kwa hesabu za takwimu.

Hesabu hizo hupima mwenendo wa bei zilizopita. Mwaka 1983 wataalamu Richard Meese na Kenneth Rogoff walizijaribu, wakaona kuwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja hazikushinda dhana kwamba bei ya kesho itakuwa kama ya leo.

Tofauti ya bei nayo hula faida. Kwa mfano, duka likinunua dola kwa shilingi 2,500 na kuiuza kwa 2,560, mnunuzi hafaidiki mpaka bei ya kwanza ipande zaidi ya shilingi 60.

Kwa hiyo, yeyote anayeombwa kukabidhi kiinua mgongo chake kwa ahadi ya faida ya hakika anashauriwa kukataa, na kudai kwanza kuonyeshwa leseni ya mhusika.