Singida: Si kila mwenye sindano ni daktari wa mifugo

Mfanyabiashara anayekwenda mnadani Singida hujua bei ya ng'ombe kabla hajashuka garini. Asichojua mara nyingi ni nani aliyemtibu mnyama anayemnunua, kwa dawa gani na lini. Mitaji mingi midogo huishia hapo.

Vijijini, mtu yeyote mwenye bomba la sindano huitwa "daktari". Sheria haimtambui hivyo. Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003, iliyounda Baraza la Veterinari Tanzania, inamtambua kuwa daktari wa mifugo mwenye shahada ya tiba ya wanyama aliyesajiliwa na Baraza hilo. Nchini shahada hiyo hutolewa na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na masomo yake huchukua miaka mitano. Wenye stashahada na astashahada, wengi wao kutoka vyuo vya LITA kama Mpwapwa na Tengeru, ni wasaidizi wanaotakiwa kufanya kazi chini ya usimamizi wa daktari aliyesajiliwa. Aliyesomea uzalishaji wa mifugo, hata akiwa na shahada, ni mtaalamu wa malisho na ufugaji, si tabibu. Wengi huchanganya hapo, na bwana mifugo mwenyewe si mara zote hukumbuka kuwasahihisha.

Hali hii ina historia. Hadi miaka ya 1980 tiba ya mifugo ilikuwa kazi ya serikali. Soko huria la miaka ya 1990 likaruhusu watu binafsi, maduka ya dawa yakaota kila penye mnada, na mfugaji akaanza kujitibia mwenyewe. Dawa ikapatikana, lakini ushauri ukabaki mbali.

Hasara yake ni ya fedha. Ng'ombe aliyechomwa antibiotiki ya muda mrefu asichinjwe hadi siku za kusubiri ziishe, na kwa baadhi ya dawa hizo siku hizo hufika 28. Mnyama akiharakishwa mnadani kwa sababu ameanza kudhoofika, mnunuzi hubeba ugonjwa na mabaki ya dawa kwa bei ya ng'ombe mzima. Machinjioni mkaguzi humtazama kabla ya kuchinjwa na baada yake. Ini au mapafu yakikataliwa hasara ni ndogo. Mzoga mzima ukikataliwa, faida ya safari yote imekwenda. Nyama isiyo na muhuri wake haina soko halali.

Kwa kuku wa kienyeji, ambao wamelipa jina Singida hadi Dar es Salaam, adui ni kideri. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari, huvumilia joto kuliko chanjo za zamani na hutolewa kwa tone moja la jicho, ikirudiwa kila miezi mitatu. Haiponyi kuku aliyekwisha kuugua, wala haimkingi siku hiyo hiyo. Mchuuzi anayekusanya kuku wa vijiji kumi katika tenga moja na kuwachanja asubuhi ya safari anapoteza chanjo na huenda akapoteza kuku. Wachanjwe wiki mbili kabla, wakiwa bado kwa mfugaji.

Kibali cha kusafirisha mifugo nacho si karatasi ya kupitia kizuizi tu. Mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa ilipoikumba nchi, na Dodoma jirani kuathirika vibaya, zaidi ya watu 100 walifariki, nyama ikakimbiwa na minada ikasimama. Wenye ng'ombe njiani ndio waliobanwa kwanza. Daktari anayetia saini anathibitisha kuwa mnyama hatoki eneo lililofungwa, na akidanganya Baraza linaweza kumfuta katika daftari.

Kwa mwekezaji mdogo anayefikiria duka la dawa za mifugo Manyoni, Iramba au Ikungi, hesabu ianze na mshahara wa mtaalamu kabla ya kodi ya chumba. Aombe kuona cheti cha usajili wa Baraza, si cheti cha chuo pekee, na aangalie kama kimehuishwa. Dawa ziwe zimesajiliwa na TMDA, na jokofu la chanjo lisiwe lile la soda.