Kabla Hujatuma Hela ya Shokapu Nyumbani

Ujumbe kutoka Kayanga au Nkwenda huwa mfupi: shokapu za mbele za pikipiki zimekufa, tuma hela. Wengi wetu tulio ughaibuni tunatuma papo hapo, kwa kuwa pikipiki ile ndiyo inayobeba kahawa, ndizi na hata mgonjwa wa usiku. Lakini mara nyingi kilichokufa si shokapu, ni sili: mpira mdogo unaozuia oili isivuje.

Kila mguu wa shokapu ya mbele ni bomba la chuma lenye kromu linaloingia na kutoka ndani ya bomba pana zaidi. Ndani mna springi inayobeba uzito, na oili inayopenya vitundu vidogo ili springi isirushe pikipiki ovyo. BMW iliuingiza sokoni mfumo huu wa oili mwaka 1935 kwa pikipiki ya R12, na pikipiki zetu za Boxer na TVS bado zinautumia.

Karagwe na Kyerwa, ziliko Kayanga na Nkwenda, ni nchi ya vilima. Dereva akishika breki mteremkoni na magunia nyuma, uzito mwingi huja mbele. Kiangazi, vumbi jekundu hunata bombani na kusaga mdomo wa sili. Masika, tope na unyevu huleta kutu, kromu ikabaki na vishimo vyenye makali. Hapo ndipo hela inapopotea: sili mpya ikivishwa juu ya bomba lenye vishimo, hukatwa upesi, na oili huanza tena kuvuja.

Kwa hiyo, mwombe ndugu yako akague kwanza. Afute mabomba, ashike breki ya mbele, abonyeze usukani mara kadhaa. Oili ikijichora bombani, sili imechoka. Kisha ainue gurudumu la mbele, ashike miguu ya shokapu kwa chini na kuivuta mbele na nyuma. Ikicheza na kugonga shingoni, tatizo ni koni za usukani, yaani beringi zinazouzungusha. Shokapu mpya hazitalitibu. Pikipiki ikivuta upande mmoja baada ya kuanguka, huenda miguu imejipinda tu kwenye vishikio vyake, au bomba limekunjika.

Fundi akifungua, afungue kifuniko cha juu polepole, kwani springi inakisukuma. Apitishe kucha kwenye bomba. Mkwaruzo mdogo husawazishwa kwa msasa laini wenye oili. Kishimo kirefu kinapopita sili, bomba libadilishwe. Sili zibadilishwe pande zote mbili, zigongewe kwa kipande cha bomba chenye upana wake, si kwa bisibisi. Oili iwe ya shokapu, kwa kawaida SAE 10, ipimwe sawasawa kila mguu kwa kiasi cha kitabu cha pikipiki. Oili nzito ya injini huifanya shokapu kuwa ngumu.

Uvujaji usiachwe kwa kisingizio kwamba pikipiki bado inatembea. Oili ikifika kwenye breki ya mbele, mteremkoni haitashika, na nyuma ya dereva kuna abiria.

Ndugu zangu, tusiache kutuma. Tuombe kwanza picha ya bomba lililofutwa na jibu la fundi kuhusu koni, ndipo tulipie kilichoharibika kweli.