Msamiati wa Mashine ya Michezo ya Video: Mfano wa Bunia

1. Utangulizi

Ni jambo la kawaida kusikia, hata miongoni mwa wanachuo wetu, kwamba Kiswahili kinafaa kwa soko, kanisa na siasa, lakini kikifika kwenye mitambo ya kisasa kinaishiwa na maneno. Makala haya yanakusudia kuuchunguza usemi huo kwa kutazama kifaa kimoja ambacho mwandishi anakipenda tangu ujana wake na ambacho vijana wa Bunia wanakifahamu vyema: mashine ya michezo ya video, au konsoli. Hoja yetu ni kwamba msamiati wa kifaa hicho upo tayari. Umeundwa na wachezaji wenyewe kwa kufuata kanuni za lugha, na anayeshindwa kuutambua mara nyingi ni mwalimu.

2. Kifaa chenyewe

Konsoli ni kompyuta iliyotengenezwa hasa kwa ajili ya michezo. Ina prosesa inayopiga hesabu, kumbukumbu inayohifadhi hali ya mchezo, na sehemu ya kuchora picha ambayo, katika mashine nyingi, huchora picha 30 au 60 kwa kila sekunde. Mchezaji akibonyeza kitufe, amri hupita katika waya au hewani hadi kwenye prosesa; prosesa hukokotoa upya mahali ulipo mpira na walipo wachezaji, kisha picha mpya hupelekwa kwenye kioo. Kwa kuwa mzunguko huo ni wa haraka, jicho huona mwendo usiokatika.

Mashine ya kwanza ya aina hiyo kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani, Magnavox Odyssey ya mwaka 1972, haikuwa na prosesa wala sauti. Ilionyesha nukta chache za mwanga, na karatasi angavu ya plastiki ikawekwa juu ya kioo cha televisheni iwe mfano wa uwanja. Mwaka 1983 Nintendo ilitoa Famicom nchini Japani, iliyotumia kaseti. Mwaka 1994 Sony ikatoa PlayStation, iliyotumia sidii. PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000, iliuzwa zaidi ya mashine milioni 150.

Kwa mkazi wa mji wenye umeme wa kusuasua, hata hivyo, funzo kubwa zaidi limo katika Game Boy ya mwaka 1989, mashine ndogo ya kushikwa mkononi. Kioo chake hakikuwa na rangi wala mwanga wa ndani, na betri zake 4 ndogo zilidumu saa nyingi. Mshindani wake, Game Gear ya kampuni ya Sega iliyotoka mwaka 1990, ilikuwa na rangi na mwanga, lakini ilikula betri 6 kwa saa chache tu. Iliyoshinda sokoni ni ile iliyokula kidogo.

Aidha, ndani ya vifaa vya namna hii mna dhahabu kwenye viunganishi, na tantali, itokayo katika koltani, kwenye kapasita zinazohifadhi chaji mahali padogo. Dhahabu na koltani ni maneno ambayo mkazi wa Ituri hahitaji kufafanuliwa.

3. Namna majina yanavyopatikana

3.1 Utohozi

Kongo ina Kifaransa kama lugha rasmi, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha 4 za taifa. Kwa hiyo kishikio cha kuchezea huitwa maneti, kioo huitwa ekra, na betri huitwa batri, yote kutoka Kifaransa. Wenzetu wanaokopa kutoka Kiingereza husema pedi, skrini na betri. Mpaka wa mikondo hiyo miwili hupita katikati ya soko la Bunia, kwa sababu biashara na Uganda ni kubwa. Ndiyo maana kijana yule yule huweza kusema gemu na maneti katika sentensi moja.

Neno lililotoholewa haliachwi nje ya sarufi. Katika Kiswahili chetu cha mashariki, maneti hupokea kiambishi cha wingi na kuwa mamaneti, kama vile nyumba inavyokuwa manyumba. Sarufi sanifu ingeliweka katika ngeli ya N-, bila kubadilika: maneti moja, maneti mbili. Njia ya tatu nayo ingewezekana, ile iliyofuatwa na neno madigadi huko Tanzania: silabi ya kwanza ya neno la Kiingereza ilichukuliwa kuwa kiambishi cha wingi, na umoja ukawa digadi. Katika njia zote tatu, mgeni ametiishwa na sheria za mwenyeji.

3.2 Upanuzi wa maana

Hapa ndipo penye utajiri zaidi. Kwa kawaida hatuyahesabu maisha yetu, mchezaji husema bila kusita, "Nimebakiza maisha mawili." Hali kadhalika kitenzi kufa. Kauli nimekufa, katika nafsi ya kwanza, husemwa kwa njaa au kwa kicheko, kwa kuwa katika maana yake ya msingi hakuna awezaye kuitamka. Katika mchezo ni taarifa sahihi: "Nimekufa, shika maneti."

Bunia ni mji uliopitiwa na vita vya Ituri vya 1999 hadi 2003. Si ajabu mzazi akisikia kauli hiyo kutoka chumba cha pili akashtuka. Mshtuko wake ni ushahidi kwamba maana ya awali haijafutika. Maana mbili zinaishi pamoja, na muktadha ndio unaozitenganisha.

3.3 Msamiati uliokuwapo

Katika mchezo wa kandanda, ambao ndio unaopendwa zaidi, hakuna haja ya kuunda chochote. Mlinda mlango, krosi, kona, penalti na kuotea ni maneno yaliyokomazwa na watangazaji wa redio. Mashine hutangaza kwa Kifaransa. Vijana huipunguza sauti, na mmoja wao huishika kazi ya utangazaji kwa Kiswahili.

4. Darasani

Sina budi kukiri kosa langu. Katika zoezi la ufafanuzi, wanafunzi walitakiwa kueleza kifaa chochote kwa Kiswahili. Mmoja alieleza konsoli kwa kurasa mbili. Nilifuta kwa kalamu nyekundu maneti, ekra na maisha matatu, nikaandika pembeni istilahi nilizoziunda papo hapo. Katika zoezi lililofuata alieleza jembe, kwa mistari minane, bila kosa hata moja.

Miezi michache baadaye nilimkuta katika chumba cha kuchezea, jenereta ikinguruma nje, akimweleza mtoto kwa nini mchezo ulichelewa kuitikia: mashine haina ubovu, bali televisheni yenyewe huishughulikia picha kabla ya kuionyesha, na huo ndio muda unaopotea. Ulikuwa ufafanuzi wa sababu na matokeo ambao ningeupa alama zote. Aliponiona alinyamaza, akanipa maneti. "Karibu, Mwalimu," alisema, kisha akaendelea kwa Kifaransa.

5. Hitimisho

Hatudai kwamba istilahi za kuundwa hazina kazi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili chini ya jina Jambo OpenOffice, na kazi hiyo isingewezekana bila wataalamu wa istilahi. Tunalopendekeza ni utaratibu: kusikiliza kwanza, kuandika, kulinganisha na matumizi ya kwingineko, kisha ndipo kusanifisha.

Katika konsoli tulizowahi kuzishika, orodha ya lugha haina Kiswahili. Na bado wimbo uliofungua mchezo wa kompyuta Civilization IV wa mwaka 2005, "Baba Yetu" wa Christopher Tin, uliimbwa kwa Kiswahili, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa video kupata tuzo ya Grammy. Walioukubali wimbo huo hawakuuliza kama lugha yake inafaa kwa mashine.

Alama za zoezi lile zilikwisha kuingizwa katika daftari za chuo na hazibadiliki. Maneno niliyoyafuta nimeyaandika upya katika kadi, moja moja, na ndiyo yaliyoanzisha makala haya.